Ushuhuda Uliofumwa Dagoretti Corner

Ukitaka sweta ya shule pale Dagoretti Corner utaelekezwa kwa Namalwa, na ukiingia kibandani mwake ujiandae. Sweta utapata, lakini kwanza utapigwa hadithi mpaka usahau ulikuwa na haraka ya nini. Alitoka Bungoma akiwa msichana, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akamlea binti yake mmoja kwa uzi wa kijani na maruni. Watu wa pale humwita Mama Phoebe. Tunamwita Namalwa hapa, maana habari hii ni yake, hata kama angetamani iwe ya mtu mwingine.

Hadithi zake nyingi zilikuwa za zimwi. Wabukusu huliita linani, na la Namalwa alilirithi kwa mama yake mzazi likiwa zima, na manyoya yake yote. Lilikuwa na mguu mmoja mzito wa kuburuta, nywele zilizolowa maji, na tabia moja mbaya sana. Huingia nyumbani watu wakiwa wamelala, likapapasa vidole vya miguu vya watoto, kimoja kimoja, likimtafuta aliye macho. Mtoto akikunja kidole, kwisha habari yake.

Phoebe alipokuwa mdogo alikuwa akikaa chini ya mashine ya kufumia, miguu imelala mapajani mwa mama, akisubiri kile kipande. Kwa sababu ndani ya hadithi kulikuwa na msichana mmoja mjanja, na usiku wa zamu yake, badala ya kidole, alitoa mwiko wa kusongea ugali. "Huyu mtoto gani ana kidole kirefu namna hii?" zimwi likauliza. Likauma. Jino likavunjika, kah! Likatoka mbio likilia na kumwita mama yake. Phoebe alicheka mpaka akajikojolea siku moja, kisha akasema, "Tena, Mama! Tena!" Na Namalwa, ambaye alikuwa na sweta za shule nzima za kumaliza, alirudia.

Basi mtoto akakua, akafika darasa la saba, na hapo ndipo vitabu vilipoingia. Rafiki yake alikuwa Mwihaki, binti wa mzee Dedan aliyewapangisha nyumba, na Mwihaki alinunuliwa vitabu na mamake kule mjini, kwenye zile turubai za vitabu vikuukuu barabarani. Vilikuwa vinono, vya Kiingereza, vyenye msichana yatima aliyeishi kwenye mnara, akaongea na popo, na kuwageuza wabaya wake kuwa vijiko. Kimoja kikiisha kingine kinaita. Mwihaki akimaliza, anampa Phoebe. Phoebe alisoma akila, akasoma akisukwa, akaunguza maharagwe akisoma, na Namalwa alimgombeza kidogo tu, maana mwalimu wa Kiingereza alikuwa amemsifu mtoto mbele ya wazazi wote.

Kisha kanisani kwao, lile la mabati, akaja mhubiri mgeni kufanya semina ya familia. Alikuwa na kitabu cha aina ile ile. Alikishika kwa leso, kwenye kona, kama mtu anayetupa panya aliyekufa. Akasema kila ukurasa ni mlango, na mtoto wako anafungua milango hiyo kitandani mwake, mama, wewe ukiwa umelala fofofo! Akina mama wakaanza kulia. Namalwa alijua kitabu kama kile kilikuwa wapi saa ile: chini ya mto wa Phoebe.

Jioni ile alikichukua akakirudisha kwa wenyewe. Mzee Dedan alikipokea mlangoni akakigeuza geuza. Alikuwa mzee wa kanisa lake, mtu wa tai kila Jumapili.

"Mama Phoebe, hivi ni vya watoto," alisema. "Sisi Wakikuyu tulilala tukisimuliwa irimu, zimwi letu, linakula watu na nywele zao. Na si tunaenda kanisa?"

"Hiyo ni hadithi, mzee. Hii ni uchawi."

"Aya. Wewe ndio mama yake."

Namalwa angeishia hapo tungekuwa tunazungumza mengine. Kitabu kimerudi kwa mwenyewe, mtoto amenuna siku mbili tatu, maisha yanaendelea. Wangapi wamenyang'anywa kitabu na wakawa watu wazima wenye akili zao? Lakini Mchungaji Mbaluka wa kanisa lao alisikia kwamba mtoto wa Mama Phoebe ametolewa katika vitabu vile, akafurahi sana, akamwambia Namalwa, "Jumapili tutampa nafasi ashuhudie. Watoto wenzake wasikie."

Sasa, asiyejua kanisa la namna ile hajui ushuhuda ni nini. Ushuhuda si kusema tu Mungu ni mwema ukaketi. Kulikuwa na dada aliyefufuka mochari, kaka aliyetolewa risasi bila kisu, mama aliyepata viza ubalozi ukiwa umefungwa. Na Namalwa, mjane wa sweta, miaka yote ile alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, hana hata jambo dogo la kusimamia. Ndiyo maana hakukataa. Tuseme ukweli, alitaka.

"Utasema nini?" alimuuliza Phoebe.

"Nitasema nilikuwa nasoma, nikaacha."

"Na uliona nini ulipokuwa unasoma?"

"Sikuona kitu, Mama. Ilikuwa tu hadithi tamu."

Hapo Namalwa akasimamisha mashine. Alimtazama mtoto, akaona benchi la nyuma, akaona watu wakipiga makofi ya kumwonea huruma. Akavuta kiti. "Hebu ngoja," akasema. "Tuipange vizuri."

Na aliipanga, jamani! Mikono ile haikuwahi kufuma kitu kizuri kuliko kile. Kitabu kimefungwa, taa imezimwa, mara mlango unasukumwa. Mguu unaburutwa sakafuni. Harufu ya nywele mbichi. Kisha mkono, kwenye vidole vya miguu, kimoja, kingine, kingine. "Hapo nyamaza," alimfundisha. "Usikimbie. Waache wangoje. Wakianza kusogea kwenye viti, ndio useme: akafika kidole cha mwisho."

"Mama, si hiyo ni ya linani?"

"Ni mfano tu. Mungu anaangalia moyo."

"Na msichana wa mwiko?"

"Wa mwiko hapana. Kanisani mtu haokolewi na mwiko."

Akamtoa msichana. Alimtoa kwa sekunde moja, hata hakufikiri, kama unavyokata uzi uliozidi. Akaliacha zimwi peke yake na mtoto kitandani, na mwishoni akatia jina la Yesu, mara tatu, kwa sauti ya juu.

Jumapili ile kanisa lilisimama. Wanawake walipiga kelele, mtu mmoja akaanguka, Mchungaji Mbaluka akamwinua Phoebe juu ya meza ili aonekane. Wazazi walienda nyumbani wakafungua mabegi ya shule ya watoto wao. Namalwa alikumbatiwa na watu ambao hawakuwahi kujua jina lake, na Jumapili iliyofuata akaonyeshwa kiti cha mbele. Mwaliko ukatoka Kawangware. Ukatoka Uthiru. Wakaenda hata kwenye ukumbi mmoja katikati ya jiji, wenye zulia na vipaza sauti vinne. Njiani Namalwa alikuwa akimrekebisha mtoto mahali na mahali: hapa punguza, pale vuta kidogo.

Halafu ikafika wakati hakukuwa na la kurekebisha. Phoebe alikuwa akitetemeka mwenyewe. Machozi yalikuja yenyewe, pale pale panapofaa. Namalwa aliketi mbele, mkoba mapajani, akajisemea: mtoto ameiva. Mungu amsamehe, alijivuna.

Miaka ikaenda. Phoebe akasomea uhasibu, akapata kazi kwenye ofisi moja Hurlingham, akaolewa na Kiarie, kijana mpole, Mkikuyu wa mjini, wakapanga nyumba ya ghorofa Muthangari. Binti wa kwanza akaitwa Wahu, jina la mama yake Kiarie, kama desturi yao ilivyo. Kanisa nalo lilibadilika, sasa anasali katika lile kubwa lenye skrini na maegesho. Lakini ushuhuda haukubadilika. Phoebe ndiye kiongozi wa wazazi upande wa malezi, na ukikaa naye dakika kumi utausikia. Shuleni kwa Wahu amezungumza na mwalimu mkuu, na darasa likienda maktaba, Wahu hukaa nje kwenye veranda na kitabu cha kupaka rangi. Wazazi wengine humcheka kwenye kundi lao la WhatsApp. Wengine humuuliza faraghani watoto wao wasome nini. Yeye huwajibu wote kwa upole, kwa maandishi marefu.

Namalwa aliyaona hayo kama matunda. Kitu kimoja tu alichoambiwa na Wahu kilimsumbua kidogo: Phoebe hulala na soksi. Hata Januari, jua likipasua lami, soksi. Mama alidhani ni baridi ya ile nyumba ya ghorofa.

Na kulala huko ili athibitishe hakuweza. Kibukusu, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hata nyumba iwe na vyumba kumi. Kiarie alimtania kila mara, "Mama, hii ni Nairobi, nani atakuona?" Naye humjibu, "Mimi nitajiona." Anakunywa chai, anaondoka jua likiwaka. Kwa hiyo Wahu ndiye aliyeletwa kwake, siku za likizo, asubuhi mpaka jioni. Nyanya wa upande wa baba humwita Cucu, wa upande huu humwita Kukhu, na Kukhu ndiye mwenye uzi wa rangi zote wa kuchezea.

Watu hupenda kusema majuto ni mjukuu. Haya, ya Namalwa yalikuja yakiwa na mwanya na mkoba wa waridi, gredi ya tatu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Baada ya chakula Wahu alisinzia juu ya magunia ya uzi. Namalwa akainama amvue viatu.

Mtoto aliruka kama aliyechomwa. "Usitoe! Kukhu, usitoe!"

"Ala! Utalala na viatu kama polisi?"

"Atashika vidole."

Mashine ya jirani ilikuwa inapiga, redio ilikuwa inaimba, lakini Namalwa hakusikia kitu. Alipiga magoti. "Nani atashika vidole, mama?"

"Yule wa mguu. Wa nywele mbichi. Alimshika Mum akiwa mdogo sababu ya kitabu." Wahu alizikunja nyayo zake chini ya sketi. "Mum alisema kanisani. Mimi husikia mguu wake kwa koridoo. Dad anasema ni maji ya bomba, lakini si maji."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

Kumbe! Kumbe lile zimwi la mama yake, lile la kuchekesha watoto Bungoma, lilikuwa linapanda lifti Muthangari! Namalwa alitaka kucheka akashindwa, akataka kulia akaogopa kumtisha mtoto. Akafanya kitu anachokijua. Akamweka Wahu mapajani, akamwambia, "Huyo namjua. Namjua tangu niko mdogo kama wewe. Na mama yako hakukwambia mwisho wake, maana mwisho niliuficha mimi." Akamsimulia yote, na mwiko, na jino, na zimwi likimlilia mama yake. Mwanzoni Wahu alishika blauzi ya nyanya yake kwa mikono miwili. Kwenye mwiko akatoa kichwa. Kwenye jino akacheka, kicheko kile kile cha Phoebe, mpaka fundi wa viatu wa jirani akachungulia kuona kuna nini.

"Tena, Kukhu!"

Aliisimulia mara tatu. Mara ya tatu Wahu alivua viatu mwenyewe, akavua na soksi, akalala. Namalwa alikaa akivitazama vile vidole kumi vilivyo wazi, akasema moyoni, asante Mungu, nimewahi.

Hakuwa amewahi. Wahu alirudi nyumbani akamsimulia mama yake, kwa furaha, na kesho yake mchana Phoebe alitoka ofisini Hurlingham bila kula, akasimama mlangoni pa kibanda na viatu vyake vya ofisi, uso umemvimba.

"Mama, umemwambia Wahu nini?"

"Hadithi. Ile uliyoipenda."

"Umemfundisha mtoto wangu kumcheka yule? Mama! Wewe, unayejua alinifanya nini?"

"Keti, Phoebe."

"Sikai."

"Basi simama unisikie. Hakuna yule. Ni linani la nyanya yako. Ulikuwa umekaa hapo hapo, chini ya mashine. Mchungaji alitaka ushuhuda, wewe hukuwa nao, nikakutengenezea. Kitabu hakikukufanya lolote. Ni mimi."

Sauti ya Phoebe ikalainika, akazungumza naye kama mtu anavyozungumza na mgonjwa. "Mama, najua ulinisaidia kupanga maneno. Nakumbuka. Lakini nilimwona."

"Hukumwona, mwanangu."

"Nilimsikia akiburuta mguu. Alinishika vidole, usiku mwingi sana. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, wewe ulikuwa upande wa ukuta."

"Lini? Ulipokuwa unasoma?"

Phoebe akafikiri kwa uaminifu, maana ni mtu mwaminifu. "Hapana. Ilianza tulipotoka Uthiru."

Namalwa alishika ukingo wa mashine. "Na kwa nini hukuniamsha? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mama? Ulikuwa unafurahi sana."

Hilo ndilo neno lililomvunja. Alikuwa amejitayarisha kutukanwa, alikuwa tayari kuitwa mwongo mbele ya soko lote. Hakujitayarisha kwa hilo. Aliona kitanda, aliona mtoto wa miaka kumi na miwili macho wazi gizani akikaza vidole visikunjike, na pembeni mwake mama mtu anakoroma, ameshiba sifa za Uthiru. Alitaka kumshika binti yake na mikono haikwenda.

"Nisamehe," alisema.

"Mimi sina kinyongo na wewe. Lakini kama ulidanganya madhabahuni, hilo ni lako na Mungu. Mimi siwezi kusema sikuona nilichoona." Phoebe alifuta macho, akatazama saa. "Na Wahu apumzike kuja, kwa sasa. Jana usiku hakulala. Alitoa miguu nje ya blanketi akimngojea, ati amcheke. Saa nane akapiga nduru mpaka walinzi wakapanda."

Likizo ikaisha Wahu hajaletwa. Namalwa alipiga simu, Kiarie akapokea kwa heshima zake zote, akasema wako kwenye maombi ya kufunga, mtoto anaombewa, Mama usijali. Alikwenda kwa Mchungaji Mbaluka, sasa mzee mwenye sukari, akamweleza yote. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama Phoebe," akasema, "ushuhuda ule umeokoa nyumba nyingi. Wewe ni nani wa kuufuta?" Akamwombea amani ya moyo, akamsindikiza mpaka kwenye geti.

Kisha Phoebe mwenyewe akapiga simu, sauti ina jua. Ilikuwa Jumapili ya familia kanisani kwao, aje, akae nao mbele.

Namalwa alivaa gauni lake la harusi za watu. Alikaa kati ya Kiarie na kiti cha Phoebe kilichokuwa kitupu, na baada ya sifa akaona kwa nini ni kitupu. Phoebe alikuwa amesimama pembeni mwa jukwaa. Katikati, chini ya skrini, alisimama Wahu, kipaza sauti kimeshushwa mpaka kidevuni mwake.

"Bwana asifiwe."

"Amen!"

"Naitwa Wahu. Nilisimuliwa hadithi, nikacheka."

Hakutaja nani alimsimulia. Alikuwa amefundishwa adabu. Akaendelea, na Namalwa, aliyesikia wasimulizi maisha yake yote, alijua kabla ya sentensi ya tatu kwamba huyu ni hodari kuwashinda wote wawili. Mlango ukasukumwa. Mguu ukaburutwa. Maelfu ya watu wakanyamaza. Kidole kimoja, kingine, kingine. Pale pembeni Phoebe aliinua kiganja kidogo, ngoja, na mtoto akangoja, na watu wakaanza kusogea kwenye viti. Kiarie alikuwa ameinamisha kichwa. Namalwa alitaka kusimama apige kelele, ni uongo, ni wangu, mwacheni mtoto! Akashika kiti cha mbele yake. Angesema nini, na nani angeamini? Angeambiwa yeye ndiye ule mlango wa yule mhubiri. Kanisa likalipuka kwa shangwe, na yeye alikuwa bado ameketi.

Baadaye, kwenye maegesho, watu walipokuwa wakimpongeza Phoebe, alimvuta Wahu nyuma ya gari la baba yake. Alichuchumaa mpaka macho yakalingana.

"Wahu, sikiliza Kukhu. Hakuna mtu. Hakuna anayekuja, hakuna anayeshika vidole, hajawahi kuwapo hata siku—"

Mtoto alimziba mdomo kwa mkono. Alitazama kulia, akatazama chini ya gari, kisha akaleta midomo sikioni kwake.

"Nyamaza, Kukhu," alinong'ona. "Anakusikia."